Kengele ya hatari isizibwe mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako niseme machache kuhusu vyombo vya kupimia gesi viwandani na migodini.

Chombo hicho hakina akili yake. Hulia pale tu binadamu alipokipangia kilie. Methani, kwa mfano, huweza kulipuka ikifika sehemu 5 katika kila sehemu 100 za hewa. Ndiyo maana katika migodi ya makaa ya mawe ya Marekani chombo hutakiwa kutoa onyo ikifika 1, na mashine ya kukatia makaa kujizima ikifika 2. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya mfanyakazi kuokoa maisha yake.

Lakini kengele inayolia kila mara huudhi. Kazi husimama, na wakubwa huuliza kulikoni. Hapo ndipo hutokea shauri la kupandisha kiwango ili kelele ziishe. Ndugu zangu, kupandisha kiwango hakupunguzi gesi hata chembe.

Tusisahau Bhopal, India. Katika kiwanda cha Union Carbide sumu ya methili isosayaneti ilipaswa kutunzwa katika baridi isiyozidi nyuzi 5 za sentigredi, na kengele ilie joto likifika nyuzi 11. Mwaka 1984 mtambo wa kupoozea ulizimwa ili kubana matumizi. Joto la tangi lilipopanda, wakubwa wa kiwanda hawakuuwasha tena. Waliipandisha kengele hadi nyuzi 20. Usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, sumu ipatayo tani 40 ilivuja ikaua maelfu ya watu. Wengi wao hawakuwa wafanyakazi, bali majirani waliokuwa wamelala majumbani mwao.

Vijana tunaowafundisha huku vijijini wengi huishia kutafuta riziki migodini na viwandani. Kwa hiyo naiomba OSHA na vyama vya wafanyakazi wasiridhike kuona chombo kimetundikwa ukutani. Waulize kimepangwa kilie kwenye kiwango gani, nani alikibadili, lini na kwa sababu gani. Majibu yaandikwe katika daftari ambalo kila mfanyakazi anaruhusiwa kulisoma. Na kama kengele inalia ovyo kwa ubovu, itengenezwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayepandisha kiwango hazibi ufa; anaziba mdomo wa anayeuonyesha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbinga.