Kisanduku cha Ndege ya Punda Milia

Watu wa mtaani kwetu hapa Karatu wamenipa jina. Wananiita Babu Midoli. Mzee mzima, mwalimu mstaafu wa ufundi, mwenye wajukuu, anakaa barazani toka asubuhi na kindege cha plastiki kisichozidi urefu wa kiganja, anakipiga msasa! Jina hilo halinikasirishi. Kurasa hizi sikuziandika kujitetea nalo. Nimeziandika kwa sababu watu wawili wasiojuana waliniambia maneno mazito zaidi kuhusu kindege hicho, na wote wawili, kwa maoni yangu, wamekosea.

Nilikipata mnadani. Muuzaji wa vitu vikuukuu alikuwa na katoni ya vitabu vya Kijerumani, na chini ya vitabu kulikuwa na kisanduku cha karatasi ngumu kilichofifia rangi. Juu yake palichorwa ndege yenye mistari ya punda milia ikipita juu ya tambarare ya majani makavu. Chini yake twiga, nyumbu na punda milia wenyewe. Ndani vilikuwamo vipande vya plastiki vikiwa bado vimeshikamana na fremu zake, karatasi ya maelekezo, vibandiko vya herufi vilivyopasuka-pasuka kama ukoko wa ugali, na tyubu ya gundi iliyokauka ikawa jiwe. Nilikilipia bei ya kilo mbili za sukari, na muuzaji aliniona mjinga.

Ndege ile niliitambua mara moja. Yeyote aliyepanda kutoka Karatu, akavuka lango la Loduare na kufika ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, ameuona mnara wa mawe kando ya barabara. Hapo amezikwa Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa tarehe 10 Januari 1959 akiwa na umri wa miaka 24, baada ya ndege hiyo kugongana na tumbusi angani. Baba yake, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kuzikwa hapo hapo kando ya mwanawe. Baba na mwana walikuwa wamekuja Tanganyika na ndege hiyo kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani na kufuata njia za kuhama kwao. Wakafika jumla ya wanyama wakubwa 366,980. Kitabu na filamu yao, vyote vikisema kwamba Serengeti isife, vilitoka mwaka 1959, na mwaka 1960 filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar kule Marekani.

Ndege yenyewe ilikuwa Dornier Do 27, ya injini moja, yenye bawa lililokaa juu ya bodi ili rubani aone chini vizuri. Bawa hilo lilikuwa na urefu wa mita 12 toka ncha hadi ncha. Mbele yake palikuwa na bamba jembamba lililoachana kidogo na bawa, hewa ipite katikati, ili ndege isidondoke inapokwenda polepole. Kwa sababu hiyo iliweza kuruka na kutua katika uwanja mfupi, penye majani tu. Herufi zake za usajili zilikuwa D-ENTE, na neno hilo "ente" kwa Kijerumani maana yake ni bata. Basi alikuwa bata aliyevaa ngozi ya punda milia.

Sasa niseme kazi yenyewe, maana anayedhani ni mchezo wa mtoto hajawahi kuishika. Kipimo cha kindege hiki ni moja kwa 72. Bawa la mita 12 linakuwa sentimita 16 na nusu na kidogo. Kwanza niliosha vipande vyote kwa maji ya sabuni, kwa kuwa plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Halafu nilivijaribisha vikavu, bila gundi. Hapo ndipo makosa yalipojitokeza. Nusu mbili za bodi hazikulingana. Ribiti zilitokeza kama chunusi. Nilizipima, nikakuta kila moja ina upana wa nusu milimita. Zidisha mara 72 upate milimita 36. Ni ndege gani duniani yenye ribiti kubwa kuliko kizibo cha soda? Lile bamba la mbele ya bawa lilikuwa limefinyangwa pamoja na bawa, bila uwazi. Na mistari ya punda milia ilichorwa kwa matuta juu ya plastiki, kama mtoto anayepewa picha ya kupaka rangi asitoke nje ya mstari.

Niliyasahihisha moja moja. Ribiti nilizisugua kwa msasa wa maji, ule wa mafundi wa kunyoosha bodi za magari, nikianza na namba 400 na kumalizia na 1000. Uwazi wa bawa niliukata kwa wembe, siku tatu, nikivunja nyembe nne. Penye nyufa nilijaza puti ya magari, nikaacha ikauke, nikasugua, nikajaza tena. Vioo vilivyokwaruzika nilivisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini mpaka vikarudi kung'aa. Waya wa antena haukuwamo. Nilipasha kijiti cha fremu juu ya mshumaa, nikakivuta taratibu kikawa uzi. Nami pia nilikosea: nilisugua pua ya ndege kupita kiasi mpaka plastiki ikatoboka, ikabidi niifinyange upya kwa puti. Mistari niliichora tena kwa brashi, nikitazama picha za ndege ya kweli wala si picha ya kisanduku.

Na hapo ndipo nilipoanza kukitilia shaka kisanduku chenyewe. Ikiwa ribiti si kweli, na bawa si kweli, na mistari si kweli, je, ile tambarare iliyochorwa chini ya ndege ni kweli? Niliitazama tena. Twiga wapo, nyumbu wapo. Mtu hayupo. Hakuna boma, hakuna ng'ombe, hakuna hata njia ya miguu. Lakini sote tunajua kwamba wakati ndege ile inapita, Wamaasai walikuwako. Mwaka 1958 wazee wao walitia alama zao kwenye mkataba wa serikali ya kikoloni wa kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na hifadhi ya Serengeti kwa sheria yake, ili watu waendelee kuishi humo na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Watu walikuwapo kiasi cha kuandikiwa sheria, ila hawakuwapo kiasi cha kuchorwa.

Basi nilikata kitako cha mbao, nikapanda majani ya nyuzi za katani, nikaiinua ndege juu ya waya, na chini yake nikajenga boma. Mtu wa kimo cha kawaida, kwa kipimo hicho, ni sentimita mbili na nusu hivi. Nilimchonga mzee mmoja na fimbo yake, wanawake wawili, mtoto, na ng'ombe kumi na mmoja.

Mtu wa kwanza kunishambulia alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mkusanyaji wa visanduku vya namna hii, aliyeletwa kwangu na dereva wa watalii. Alisikitika kweli kweli. Alisema kisanduku kikuukuu hakifunguliwi, na kikifunguliwa hujengwa kama mtengenezaji alivyokusudia. Kusugua ribiti zake ni kuharibu historia. Alipoliona boma alisema, kwa adabu, "Hiki hakikuwamo kwenye seti."

Wa pili alikuwa kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo. Mama yake ametoka juu, Ngorongoro, na wajomba zake ni miongoni mwa waliohamia Msomera, wilaya ya Handeni, katika mpango wa serikali ulioanza mwaka 2022. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo, mwalimu," nami nikamwitikia marahaba. Kisha akasema: "Mwalimu, kitu hiki ungekitia motoni. Hii ndiyo iliyotufukuza. Unawezaje kuipamba?"

Nianze na mgeni, kwa kuwa kosa lake ni jepesi kuliona. Yeye anaheshimu kisanduku kuliko ndege. Mtengenezaji hakukusudia ribiti za vizibo vya soda. Alishindwa tu, kwa kalibu za wakati wake na kwa bei aliyotaka kuuzia. Kulinda kosa la mtu kwa sababu limezeeka si kumheshimu. Nilipokuwa nafundisha ufundi, mwanafunzi aliyenakili mchoro pamoja na kosa lililokuwamo sikumpa alama ya utii. Na kama anasema historia, historia ni ipi? Ni karatasi iliyochapwa kiwandani, au ni yale yaliyokuwapo chini ya bawa? Boma halikuwamo kwenye seti, ni kweli. Lakini uwazi wa bawa nao haukuwamo kwenye seti, na bila uwazi huo ndege ya kweli isingetua Serengeti hata mara moja.

Kijana nampa jibu refu zaidi, kwa kuwa ana uchungu, na uchungu wake una msingi. Mwanangu, ndege haikumfukuza mtu. Mkataba wa mwaka 1958 ulikuwa wa serikali. Hao akina Grzimek wenyewe waliupinga mpango wa kuikata hifadhi, wakionyesha kwamba mipaka mipya inaacha nje njia za nyumbu. Ukiwalaumu kwa lisilo lao, mtu mwenye vitabu atakunyamazisha kwa sentensi moja. Walaumu kwa lililo lao: Bernhard Grzimek aliamini na kuandika kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na mtu yeyote, hata mwenyeji. Hilo ndilo la kujibiwa, na hulijibu kwa kiberiti. Ukichoma kindege changu, filamu bado ipo, vitabu bado vipo, visanduku vingine bado viko madukani na majumbani huko Ulaya, na vyote vinaonyesha tambarare isiyo na mtu. Utakuwa umechoma nakala moja tu, ile ambayo boma limo.

Wala sisemi kwamba wale watu wawili walikuwa waovu. Walikuja kuhesabu wanyama, wakahesabu wanyama. Mmoja akaacha maisha yake huku. Msiba ni msiba, na mimi kila nikipita pale kwenye mnara navua kofia. Ninachokataa ni desturi yetu ya kupokea kazi ya mtu kama kifurushi kilichofungwa: ama tukiweke kabatini tukiabudu, ama tukitupe jaani. Njia zote mbili ni za uvivu. Anayeabudu hafungui, na anayetupa naye hafungui. Kazi iko katikati, nayo inachosha vidole: kufungua, kupima, kulinganisha na kitu cha kweli, kusugua kilichozidi, kujaza kilichopungua, na kukubali kwamba mkono wako nao utatoboa pua ya ndege.

Mabishano ya Ngorongoro yanahitaji mikono ya namna hiyo. Nimewasikia wanaosema watu wote waondoke ili wanyama wapone, na wanaosema hakuna tatizo lolote huko juu. Kila upande una kisanduku chake chenye picha nzuri. Kwenye picha moja hakuna watu. Kwenye nyingine hakuna ukame, hakuna malisho yaliyopungua, hakuna idadi ya watu iliyoongezeka mara nyingi tangu mwaka 1959. Nami nauliza pande zote mbili: mmepima? Mmekwenda na rula, au mmetazama kifuniko tu?

Kijana hakukubaliana nami siku ile. Aliondoka bila kumaliza chai. Lakini baada ya wiki mbili alirudi, akasimama mbele ya kile kitako kwa muda mrefu bila kusema neno. Nikadhani ameleta kiberiti.

"Mwalimu," akasema, "boma lako limekosewa. Nyumba hazipangwi ovyo hivi. Nimemwuliza mama. Nyumba ya mke mkubwa hukaa kuume kwa lango la mwenye boma, ya mke wa pili kushoto. Wewe umeziweka zote upande mmoja."

Nilitazama. Alikuwa sahihi. Mimi niliyemkaripia mtengenezaji kwa ribiti zake nilikuwa nimejenga boma kwa kukisia. Nikamwita mjukuu wangu alete wembe na gundi, nikamsogezea kijana kigoda. Tuling'oa nyumba mbili siku ile, na kazi haijaisha. Anasema ng'ombe nao ni wachache mno.