Laibrari Imekataa Kuingia Kwa Laptopu Yako? Komredi wa Meru na Embu, Si Wewe Mjinga, Ni Jiko Hauna

Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa AI, wa kuanzia 2025 mpaka 2030. Ukiskia vile uliongelewa utadhani kufikia kesho asubuhi kila mtoto kutoka Maua hadi Siakago atakuwa anafunza roboti kuongea Kimeru. Fiti sana, hakuna mwenye anakataa ndoto. Lakini ingia hosteli yoyote pale Nchiru, karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ama zile za karibu na Chuo Kikuu cha Embu, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha projekti. Utapata mse anaangalia skrini nyeusi, maandishi mekundu yamejipanga kama risiti ya supamaketi, na bando imebaki MB 80.

Ameandika pip install vile jamaa wa YouTube alimwambia. Kwa video iliingia sekunde tano. Kwake imezunguka weee, halafu ikatapika.

Hapo ndio wengi hujiambia "hii kitu si ya watu kama sisi". Wanabadilisha projekti, wananunua moja kwa mse wa saiba, ama wanaacha kodi kabisa wanarudi kubet. Na kama ni jaribio la kazi ya mtandaoni, umepewa masaa 48, masaa kumi yameisha ukipigana na kitu hata haiko kwa swali. Nakuambia hivi: hayo maandishi mekundu hayakuwa yanasema wewe ni mjinga. Yalikuwa yanasema hauna jiko.

Wacha nieleze na chakula, juu hiyo kila mtu anaelewa.

Laibrari nyingi kubwa za Python si Python tupu. Ndani zimeandikwa kwa C, C++, siku hizi hata Rust, ndio zikimbie. Sasa ukisema pip install, kuna mambo mawili yanaweza kufanyika. Moja, unaletewa githeri imeshaiva. Hiyo ni faili yenye inaisha na .whl, imepikwa na mtu mwingine kwa mashine kama yako. Unafungua unakula. Ama pip inakosa sahani ya kutoshea mashine yako, so inakuletea mahindi na maharagwe mabichi, faili ya .tar.gz, na inakuambia pika. Jiko ndio kompaila, ile programu ya kugeuza C kuwa kitu mashine inaelewa. Kama hauna kompaila, hayo mahindi yatakaa hapo mpaka yaote. Na pip haikuulizi kwanza kama uko na jiko. Inaleta tu.

So usisome mistari yote mia mbili. Anza chini ukipanda, utafute jina la chombo. Windows itakuambia "Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required". Ubuntu itataja gcc, ama Python.h, ama pg_config kama ulikuwa unaweka psycopg2 ya kuongea na PostgreSQL. Hayo yote ni majina ya vyombo vya jikoni.

Kwa Ubuntu hii stori ni fupi. Andika sudo apt update, halafu sudo apt install build-essential python3-dev. Ya pg_config unaongeza libpq-dev, ama unaweka psycopg2-binary yenye imeshaiva. Mysqlclient inataka default-libmysqlclient-dev na pkg-config. Ukiona externally-managed-environment, hiyo si mambo ya jiko, ni Ubuntu inakukataza kupikia sebuleni. Tengeneza venv yako. Wale wako na Mac (mnajijua, na sisi tunawajua) andikeni xcode-select --install mrudi kulala.

Windows ndio watu hulia.

Windows haikuji na jiko. Unaambiwa uende uchukue Build Tools za Microsoft, na ukichagua ile sehemu ya C++ hizo ni gigabaiti kadhaa. Mse wa Silicon Valley anabonyeza, anaenda kutengeneza kahawa, akirudi imeisha. Mse wa Runyenjes kwa hotspoti ya simu, hiyo ni doh ya chakula. Ni kosa lilelile, maandishi yaleyale, lakini bei si moja, na wale hutengeneza hizo video za mafunzo hawajawahi kufikiria hiyo bei. Ndio maana jibu la kwanza utapata kila mahali ni "si uweke tu Build Tools". Si uweke tu!

Kabla ununue hiyo bando, angalia toleo la Python uko nalo. Hapa ndio wengi huchomeka. Toleo jipya hutoka kila Oktoba: 3.13 ilitoka tarehe 7 Oktoba 2024, 3.14 ikatoka 7 Oktoba 2025. Ukikimbilia ile mpya kabisa, wapishi wa laibrari wengine bado hawajaipikia, so unaletewa mahindi. Rudi nyuma toleo moja ama mawili na kitu ileile inaingia bila maneno. Kwa hii sekta kuvaa luku ya mwaka jana ni akili. Halafu sasisha pip yenyewe, python -m pip install --upgrade pip, juu zile za kitambo hazitambui sahani za kisasa.

Alafu kuna hizi laptopu zetu za ex-UK. Unaweza pata iko na Windows ya biti 32, ama wewe mwenyewe ulishusha Python ya biti 32 bila kujua. TensorFlow, kwa mfano, inataka 64 na haina huruma. Andika python -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)" uone namba gani inatoka. Ikiwa 32 na mashine inabeba 64, badilisha Python kwanza kabla ulaumu mtu.

Na kuna hii amri hupendwa na watu wachache sana na sijui kwa nini: pip install --only-binary=:all: kisha jina la laibrari. Hapo unaambia pip, kama haijaiva usiniletee. Itakutafutia hata toleo la nyuma lenye limeiva, na ikikosa kabisa itakuambia hapo hapo.

Msidhani ni Afrika pekee tumeteseka. Kwa miaka mingi watu wa Windows dunia nzima walikuwa wanategemea ukurasa wa jamaa mmoja, Christoph Gohlke, wa Chuo Kikuu cha California pale Irvine. Alikuwa anapika laibrari ngumu na kuziweka bure. 2022 hiyo huduma ikaisha. Mtu mmoja, sufuria moja, mafoleni ya dunia yote.

Hiyo sufuria sisi tunaweza weka kwa hosteli. Kama Build Tools ni lazima, mse mmoja azishushe mara moja kwa Wi-Fi ya campo akitumia ile chaguo ya --layout, zikae kwa folda, mbogi yote iweke kutoka kwa flashi. Laibrari pia: pip download -d folda jina, halafu kwa mashine zingine pip install --no-index --find-links folda jina. Mkuwe tu na Windows aina moja, Python toleo moja na biti sawa, la sivyo mnagawana chakula cha mtu mwingine. Ni chama ya kawaida, badala ya mia mia mnaweka MB.

Lakini hatuwezi kuwa taifa la flashi milele, na hapa ndio naingia kwa wakubwa. Serikali iliahidi habu za kidijitali 1,450, moja kila wadi. Meru ina wadi 45, Embu 20. Hizo ni habu 65. Ongeza Jitume ya wale wa Konza yenye inapeleka kompyuta kwa vyuo vya ufundi, na Ajira Digital yenye tumeskia tangu 2016. Siku ya kukata utepe kila mtu anahesabu mashine na kusifu kasi ya Wi-Fi. Swali la kompaila iko ama haiko halijawahi kuwa kwa hotuba. Wala lile la kama kijana anaweza weka kitu bila kuomba paswadi ya admini. Kompyuta yenye imefungwa kila mahali ni ya kuandika CV na kujaza fomu za KRA. Hiyo ni kazi pia, sawa, lakini usiniambie hapo ndio AI ya Kenya itatoka.

Mtu wa IT atasema akiachia vijana admini watajaza virusi. Namuelewa kabisa. Ndio maana vitu huwekwa kabla: fundi mmoja, siku moja, kompaila, Python toleo moja lenye limetulia, na folda ya laibrari zinazotumika sana ikae kwa mashine moja ya hapo ndani, kila mtu achote bila kugusa intaneti. Gcc ni bure, Python ni bure. Hii haihitaji tenda, na labda hapo ndio shida.

Wiki hii ukipita habu ya wadi yenu, fungua terminali. Kama ni Linux andika gcc --version. Kama ni Windows tafuta Build Tools kwa orodha ya programu. Ukikosa, piga picha, mtumie MCA wako na umuulize itawekwa lini.