Tatizo la Gita si Udogo wa Sauti

Wanafunzi wangu wapigao gita la umeme hulalama kwamba, wavaapo visikizi vya masikioni jukwaani, gita hulia kama nyuki aliyefungiwa koponi. Papo hapo humtaka fundi wa mitambo aongeze sauti. Mimi, niliyezoea kupima sauti za lugha maabarani, naona wanayaponza masikio yao bure: desibeli 3 tu zikiongezwa, nguvu ya sauti huwa maradufu. Spika ya gita hufifisha mawimbi yazidiyo hezi 5,000 hivi. Waya ukienda moja kwa moja mitamboni, ukali wote huo hupenya. Basi na iwekwe maikrofoni mbele ya spika, au kifaa kinachoiga spika. Tena kisikizi kizibe sikio barabara. Kikilegea, besi hutoroka, na lawama humwangukia fundi asiye na hatia.