KIHISPANIA KINAANZA KINYWANI, SI MU KAYE



Katika gazeti letu hili watu wameandika mara nyingi juu ya Kifaransa, juu ya hesabu na juu ya usafi wa internati. Leo sisi wa kikundi kidogo cha Kihispania (wengine wanasema Kiespanyole, ni luga moja tu) tunaomba nafasi. Tunataka kueleza namna gani mtu anayeanza anaweza kujifunza kusema luga hiyo. Lakini mbele ya kutoa mashauri, tunapashwa kuungama kosa letu, kwa sababu mashauri yetu yote yametoka katika kosa hilo.

Tulipoanza kikundi tulikuwa kumi na mmoja. Leo tuko saba. Kati ya wale wanne waliotoka, watatu walichoka tu. Lakini wa nne tulimfukuza sisi wenyewe. Hatukumfukuza kwa maneno makali wala kwa fimbo, tulimfukuza kwa kicheko.

Siku ile kila mtu alipashwa kusimama na kusema habari za kwao. Mwenzetu alitaka kusema kwamba kwao wako na mbwa. Mbwa kwa Kihispania ni "perro", na ile r ya katikati inatetemeka sana. Yeye, sawa wengi wetu ambao luga zetu za nyumbani zinachanganya l na r, akasema: "Tenemos un pelo." Maana yake, tuko na unywele mmoja. Tulicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye mabenchi. Kiisha tukampa jina: Unywele Mmoja. Jina likafika pahali pa kulia, likafika kwenye uwanja wa mpira, hata watoto wa darasa la kwanza wakalijua. Jumamosi iliyofuata hakuja. Mpaka leo hajarudi. Na ni yeye aliyekuwa wa kwanza kati yetu kusimama na kusema bila karatasi mkononi.

Basi maoni yetu ni haya: kinachozuia watu kusema luga mpya si kukosa vitabu. Ni kuogopa kuchekwa. Anayeogopa hafungui kinywa, na asiyefungua kinywa hatajua kusema, hata akiwa na kaye tano zilizojaa maneno.

KIHISPANIA CHA NINI?

Wakubwa fulani wanatuuliza: "Iko na faida gani hiyo luga? Itaulizwa mu ekzame ya Serikali?" Hapana, haitaulizwa. Hatutaki kudanganya mtu. Aliye na shida na hesabu, aanze na hesabu.

Lakini dunia haiishi kwenye ekzame. Kihispania ni moja ya luga sita za Umoja wa Mataifa, pamoja na Kifaransa, Kiingereza, Kiarabu, Kichina na Kirusi. Watu karibu milioni 500 walizaliwa ndani ya luga hiyo, wengi wao katika Amerika, tangu Meksiko mpaka Ajentina. Hata katika Afrika yetu iko: Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, inatumia Kihispania katika ofisi na katika masomo. Na watu wa Goma wanakumbuka askari wa Uruguay waliokuja na jeshi la Umoja wa Mataifa. Luga yao ilikuwa hii hii.

Tena kuna habari moja ya hapa kwetu ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Mwaka 1965 Wakuba walivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, wakafika katika milima ya upande wa Fizi. Aliyewaongoza ni Ernesto Guevara, yule wanayemwita Che. Mambo ya vita vile tunawaachia waalimu wa historia. Sisi tunatazama mambo ya luga. Wakuba wale walijipa majina ya hesabu za Kiswahili: mmoja aliitwa Moja, mwingine Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Na ili ajue Kiswahili, Che alipewa mwalimu, kijana Mkongomani wa miaka 16, jina lake Freddy Ilanga. Muone jambo hilo: mtu mzima, daktari, mkubwa wa askari, anakaa chini mbele ya kijana ili afundishwe kusema. Kiisha mambo yakageuka. Kijana yule alikwenda Kuba, akajifunza Kihispania, akasoma udaktari katika luga hiyo na kuwa mpasuaji wa watoto. Alikufa huko mwaka 2005. Kihispania hakikuwa luga ya mama yake. Yeye pia alianza na neno la kwanza, na hatuamini kwamba neno lile lilitoka bila kosa.

KINYWA CHETU KIKO TAYARI

Watu wengi wanafikiri kwamba Kihispania ni kigumu kwa sababu Kifaransa kiliwatesa. Hapana. Kwa kusoma na kutamka, Kihispania kiko karibu na Kiswahili kuliko Kifaransa. Herufi a, e, i, o, u zinasikika sawa kwetu. "Luna" ni mwezi, na inasomwa tu vile Mswahili angeisoma. "Mesa" ni meza yetu, "bandera" ni bendera, "azúcar" ni sukari. Maneno haya yamesafiri kwa mashua nyingi, yakafika kwao na kwetu.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa kila anayeanza: weka kando kinywa cha Kifaransa, chukua kinywa cha Kiswahili. Mufaransa anameza herufi za mwisho, Muhispania hazimezi. "Tres", yaani tatu, s yake isikike. Kuna mambo machache tu ya kushika. Herufi h haisemi kitu: "hermano", ndugu, inasikika "ermano". Herufi ñ ni ny ya nyumba: "mañana", kesho, ni "manyana". Herufi j inatoka kooni, sawa h yenye nguvu. Na ll, pahali pengi, ni y: "calle", njia ya mji, inasikika kabisa sawa kaye yetu. Mwanafunzi akisema anaandika mu calle, mujue anaandika njiani!

Iliyobaki ni r. Jizoeze maneno matatu haya kila asubuhi ukinawa uso: pelo, pero, perro. La kwanza ni unywele, la pili ni "lakini", la tatu ni mbwa. Ulimi uguse juu ya meno, upepo utoke kwa nguvu, utetemeke. Haitakuja siku moja. Kwetu sisi saba, wanne bado hatuiwezi.

MASHAURI KWA ANAYEANZA

1. Sema siku ya kwanza. Usingoje kumaliza sarufi. Anza na maneno ya kujiokoa, ambayo yanakuacha uendelee kuzungumza hata usipojua kitu: "no entiendo" (sielewi), "más despacio, por favor" (polepole, tafadhali), "otra vez" (mara ingine), "¿cómo se dice?" (wanasemaje). Aliye na maneno manne haya anaweza kukaa na Muhispania saa nzima bila kukimbia.

2. Maneno matano kwa siku, si hamsini. Sisi tulianza na hamsini, na siku ya tatu tulikuwa na sufuri. Matano kwa siku, siku sita, ni thelathini kwa juma. Kwa majuma kumi na mawili ni 360. Na yawe maneno ya kitu unachoshika: ukichota maji sema "agua", ukiwasha moto sema "fuego", ukitia chumvi sema "sal". Usijifunze neno peke yake kama jiwe. Litie ndani ya maneno mengine: "quiero agua", nataka maji.

3. Sikia mtu katika mkia wa neno. Kwa Kiswahili tunajua anayesema kwa kichwa cha neno: ninasema, unasema, tunasema. Kwa Kihispania anajulikana mkiani: hablo, hablas, hablamos. Hakuna lazima ya kutia "yo" kila mara, sawa vile sisi hatusemi "mimi" kila mara.

4. Tumia Kiswahili kwa "ser" na "estar". Kifaransa kiko na neno moja, "être", lakini Kihispania kiko na mawili, na hapo wengi wanapotea. Sisi tuko na njia. "Mimi ni mwanafunzi": soy alumno. "Niko hapa, niko mgonjwa": estoy aquí, estoy enfermo. Pahali Kiswahili cha kitabu kinasema "ni", jaribu "ser". Pahali kinasema "niko", jaribu "estar". Lakini angalia, sisi wa huku tunazoea kusema "niko mwalimu". Hapo rudi kwanza kwenye Kiswahili cha kitabu. Njia hii haifiki mwisho wa safari, lakini kwa mwanzo inatosha.

5. Kifaransa kisaidie, kisitawale. Maneno mengi yanafanana, na hiyo ni baraka. Lakini kuna yanayodanganya. "Largo" si pana, ni mrefu. "Salir" si kuchafua, ni kutoka. "Subir" si kuteswa, ni kupanda. Na "le lait", "le sel", "le sang" ya Kifaransa kwa Kihispania ni za kike: la leche, la sal, la sangre. Jifunze kila jina pamoja na "el" ama "la" yake, sawa vile mtoto anajua jina la mama pamoja na uso wake.

6. Soma kwa sauti kitu unachokijua tayari. Sisi hatuna vitabu vingi. Biblioteki iko na kitabu kimoja cha sarufi kisicho na jalada. Lakini Biblia tunaijua. Casiodoro de Reina alichapisha Biblia nzima kwa Kihispania mwaka 1569, na Cipriano de Valera akaisahihisha mwaka 1602. Mpaka leo Waprotestanti wengi wa luga hiyo wanasoma ile inayoitwa Reina-Valera, iliyosahihishwa mara nyingi kiisha. Chukua sura unayoijua kwa moyo katika Kiswahili, uisome katika Kihispania kwa sauti. Hutahitaji kamusi kwa kila neno, kwa sababu habari unaijua. Ila ujue kwamba luga ile ni ya kizamani kidogo. Usiende kununua mkate sokoni kwa maneno ya manabii.

7. Mwenye kukuzidi umri ama cheo mwambie "usted", mwenzako mwambie "tú". Adabu yetu isibaki mlangoni kwa sababu tumebadilisha luga.

KWA WENZETU NA KWA WAALIMU

Tunarudi pale tulipoanza. Mashauri saba haya ni bure kama anayeyafuata atapewa jina la kumchekesha kila mtu siku atakapokosa. Wengi wetu tunajua aibu hiyo tangu zamani. Katika masomo fulani ya msingi, mtoto aliyesema luga ya nyumbani alivikwa kitu shingoni mpaka amkute mwingine wa kumpa. Watoto walijifunza nini? Walijifunza kunyamaza. Na leo, mwalimu wa Kifaransa akiuliza swali, kalasi nzima inatazama chini. Si kwamba hatujui. Tunaogopa jirani.

Ndugu waalimu, hatuombi musisahihishe. Mwanafunzi asiyesahihishwa anadanganywa. Tunaomba tu mumwache amalize neno lake, kiisha musahihishe, kiisha arudilie. Na mwenye kucheka, mumwambie asimame naye aseme.

Sisi tumefanya sheria moja kwa saa yetu ya Jumamosi: hakuna kucheka mbele ya mwenye kukosa kucheka mwenyewe. Na tumeanza kuandika makosa yetu ubaoni, kila mtu lake, bila kuficha. La kwanza ni la mmoja wetu aliyekuwa katika wale waliocheka sana siku ya mbwa. Alitaka kusema kwamba anaona haya. Akachukua "embarrassé" ya Kifaransa, akaigeuza: "Estoy embarazado." Maana yake, nina mimba. Ni mwanaume. Yeye hakupewa jina lolote. Tulipouliza kwa nini, hatukupata jibu, tukanyamaza wote.

Mwenzetu tuliyemwita jina lile, tunajua unasoma gazeti hili. Tulikukosea, na tunaomba radhi mbele ya watu wote, kwa sababu tulikuchekea mbele ya watu wote. Jina lile halitatoka tena kinywani mwetu. Benchi ya mbele iko na nafasi yako. Jumamosi hii tutasema tena habari za nyumbani, na wanne kati yetu hakika tutasema tuko na unywele.

Wengine wanaotaka kuanza, karibuni nao. Leteni kaye na biki, lakini hasa leteni kinywa.

Sisi, wanafunzi wa kikundi cha Kihispania