Mguu Uliopasuliwa na Ibada ya Mgonjwa



Wengi katika jamaa zetu wenye kisukari hupasuliwa mguu au hukatwa kidole, wakarudi nyumbani wakidhani mambo yamekwisha. Kumbe hatari yaweza kuanza hapo. Kisukari hufisha hisia za nyayo, kidonda kikaoza kimyakimya na mwenyewe asihisi maumivu. Basi tusitosheke kumuuliza mzee wetu, "Wauma?" Kila bendeji inapobadilishwa kama alivyoelekeza daktari, mtu wa nyumbani autazame mguu kwa macho yake.

Kidonda kikizidi wekundu, uvimbe au joto, kikitoa usaha au harufu, ngozi ikigeuka nyeusi, au mgonjwa akashikwa na homa, arejeshwe hospitali siku hiyo hiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda mshipani. Na pumzi zikimbana, hakuna kungoja asubuhi.

Linalotusikitisha zaidi ni mgonjwa kufungua bendeji na kulowesha kidonda ili atawadhe, akiichelea swala yake. Abu Daud amepokea kwa Jabir (r.a.) habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji ayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwakemea vikali, akawafunza kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, mgonjwa huosha sehemu nzima, hupangusa juu ya bendeji kwa mkono uliolowa iwapo hapana madhara, na hutayamamu kwa ajili ya pasipooshwa. Kama atalipa swala hizo au la, hutegemea bendeji ilivyofungwa. Na amuulize mwalimu wake. Kusimama kukimdhuru, aswali ameketi, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Imran bin Huswain (r.a.) alipokuwa mgonjwa.

Wako wazee wafichao usaha kwa kuwahurumia wanawe gharama, wakaita hiyo subira. Subira si kuficha. Kidonda kilichowahiwa huenda kikatibika kwa dawa. Kilichofichwa chaweza kuondoka na mguu mzima, au na roho. Nanyi watoto, msimpe mzazi sababu ya kuona haya kuwaambia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.