Uncharted 4 inajua nyumba yetu, haijui shimo yetu

Katika kartie nyingi za Lubumbashi na za Kolwezi kuko nyumba kadogo yenye televizyo moja, manette mbili, na watoto kumi wanaongojea zamu. Wazazi wanapita pale, wanatikisa kichwa, wanasema ni upumbavu. Sisi tuliingia, tukakaa kwenye banc, tukaangalia mchezo moja toka mwanzo mpaka mwisho: Uncharted 4, yenye kampuni Naughty Dog ya Marekani ilitosha mwaka 2016 kwa PlayStation 4. Wababa na wamama wa mine, tunawaambia wazi: ile mchezo inasema juu yetu kuliko munavyofikiri. Upande moja inasema kweli kabisa. Upande ingine inadanganya, na ule uongo unaweza kuingiza mtoto mu shimo.

Tuanze na kweli. Nathan Drake alitumia ujana wake kutafuta hazina za watu wa zamani. Sasa ameacha. Ameoa Elena, mwandishi wa habari, na anafanya kazi ya kutosha mizigo yenye ilizama mu maji. Ni kazi ya mshahara: hakuna sifa, lakini anarudi nyumbani mangaribi. Siku moja yaya yake Sam, mwenye alimuhesabia kuwa alikufa zamani, anapiga hodi. Sam anasema alitoroka gereza la Panama pamoja na muhalifu mkubwa, na yule anamudai hazina ya Henry Avery ao kifo. Nathan anakubali kwenda. Na mke wake anamuambia nini? Kwamba anaenda Malaysia, kazi ya kampuni.

Pale sisi wote kwenye banc tulinyamaza. Nani kwetu hajui ile sentensi? Bwana anasema amepata kazi kidogo kwa mkandarasi, kumbe usiku anashuka mu shimo yenye haina hata mti moja wa kuzuia udongo. Hasemi bongo juu ya kumuzarau mke. Anasema juu hapendi akose usingizi. Lakini siku shimo inaanguka, mama hajui hata aanzie wapi kumutafuta.

Elena anamukuta bwana wake mu hoteli, Madagascar. Hapigi makelele. Anauliza, anasikia, anatoka. Kisha anarudi kumuokoa, lakini hamusamehe palepale. Wanatembea pamoja mu pori, maneno machache, mpaka Nathan anasema yote yenye alikuwa anaficha. Sinema nyingi za bunduki hazina ile subira. Ni hii nguvu ya kwanza ya Uncharted 4: hatari kubwa haiko mu ngome ya wanyang'anyi wa bahari, iko kwenye meza ya kulia.

Nguvu ya pili ni ya ufundi. Ile kutoroka gerezani, mchezaji anaifanya mwenyewe na mikono yake: anakimbia, anaruka ukuta, anapiga risasi. Nyuma anapata habari kwamba haikuwa kweli. Sam alitoshwa kwa rushwa ya tajiri Rafe Adler, miaka miwili mbele. Kumbe tulicheza uongo wa Sam, tukauamini kwa vile tuliufanya sisi wenyewe. Kitabu hakiwezi kukufanya hivyo.

Ya tatu ni Libertalia, mji wa wanyang'anyi wenye wazungu wanausimulia toka miaka ya 1700. Mu mchezo, wakubwa waliambia watu: lete mali yako, tuweke mu sanduku moja, tutagawana. Kisha walivuka maji na mali, wakajijengea majumba. Watu wakaasi. Hakuna mtu anayekuja kusimulia hayo kwa mdomo; unayasoma mu barua, mu mifupa na mu nyumba zilizobomoka. Mufanyakazi yeyote mwenye aliweka feza mu kaisse ya pamoja, akaona shefu anajenga étage, atasikia ile hadithi bila mkalimani.

Sasa tuseme makosa. La kwanza, jiwe. Kila mara Nathan anashika jiwe, jiwe linavunjika. Anakanyaga daraja, daraja linaanguka. Anapanguza vumbi, anafanya mzaha, anaendelea. Mtoto anaona hivyo mara mia mu siku moja. Kwetu shimo inaanguka mara moja tu, na nyuma yake kuko kilio. Hadithi yenye kila kitu kinaanguka na shujaa hapati hata kovu, inafundisha kwamba udongo uko na huruma.

La pili, maiti. Nathan ni mtu muzuri, anapenda mke wake, lakini njiani anaua watu mamia. Waandishi wenyewe walijua: walitia medali kwa mwenye kuua maadui 1 000, na jina lake ni mzaha juu ya hadithi na mchezo kutopatana. Kucheka kosa yako si kuitengeneza. Wale maadui wengi ni askari wa kukodishwa wa kampuni moja ya Afrika ya Kusini, katika hadithi. Wazee wetu wa Katanga waliona mercenaires kwa macho mu miaka ya 1960. Wao hawacheki.

La tatu ndilo kubwa. Ile mali ni ya nani? Henry Avery alikuwa mtu wa kweli, na mwaka 1695 aliteka meli Ganj-i-Sawai ya mfalme Aurangzeb wa India, yenye ilikuwa inarudisha mahujaji kutoka Makka. Watu waliteswa, waliuawa. Lakini ndugu wawili hawasimami hata dakika moja kuuliza juu yao. Na Madagascar? Gari la Nathan linapita mu soko, linavunja meza za wachuuzi. Nani alilipa yale matunda? Hatukumbuki jina la Mmalagasi hata mmoja. Ni inchi ya kupitia, si ya watu. Ile macho tunaijua: inaona madini, haioni mwenye kuishi juu yake.

Mwishoni hadithi inahubiri kwamba familia inapita dhahabu. Vizuri. Lakini Sam alificha vipande kidogo vya dhahabu, na Elena ananunua navyo ile kampuni ya bwana wake. Kumbe hazina ilisaidia! Kijana wa Kolwezi atashika mahubiri, ao atashika vile vipande?

Hata hivyo hatusemi muzime televizyo. Miaka inapita, binti ya Drake, Cassie, anafungua kabati yenye wazazi walifunga, anaona picha za zamani. Wangeweza kumudanganya tena. Wanakaa naye, wanaanza kusimulia yote.

Wababa, mufanye vile. Kaeni kwenye banc karibu na mtoto wenu. Jiwe likivunjika na Nathan akicheka, mumuambie shimo ya kweli inaangukaka namna gani, na jina la rafiki mwenye hakutoka.