Shamba Si Mfuko wa Fedha



Miongoni mwa karatasi ambazo wazazi huletewa na watoto wao wanaotaka kwenda kusoma Marekani, imo moja yenye swali fupi: shamba lako lina thamani gani? Wengi huandika tarakimu yoyote iliyowajia kichwani, au ile bei waliyoisikia jirani akijivunia barazani. Yafaa tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwani tarakimu hiyo yaweza kumpeleka kijana chuoni na yaweza kumbakisha nyumbani.

Kwanza tuifahamu hesabu yenyewe. Chuo huanza na gharama ya mwaka mzima: karo, chumba, chakula, vitabu na nauli. Kisha hukadiria kiasi ambacho mzazi na mwanafunzi wanaweza kukitoa. Ukiondoa cha pili katika cha kwanza, kinachobaki ndicho kiitwacho uhitaji. Hesabu hii si ya jana. Mapema katika miaka ya 1950 John Monro, aliyesimamia misaada katika chuo cha Harvard, alitengeneza kanuni ya kupima uwezo wa mzazi, na mwaka 1954 vyuo vikaanzisha chombo cha pamoja, chini ya College Board, cha kukusanya habari za mali za wazazi. Fomu yake ya leo yaitwa CSS Profile, na baadhi ya vyuo vyenye fedha zao wenyewe humpa mtoto wa kigeni aijaze. Serikali ya Marekani nayo ina fomu yake, FAFSA, lakini hiyo ni ya raia wao na wakaazi wanaokubaliwa na sheria.

Ofisi inayochagua wanafunzi na ofisi ya misaada ni ofisi mbili, na mzazi hana budi kujua kama zinasemezana. Kwa wanafunzi wa kigeni vyuo vichache tu, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, husema kwamba mchaguzi hautazami mfuko wa mzazi, na atakayechaguliwa atatimiziwa uhitaji wake wote. Vilivyo vingi hutazama. Fungu la wageni lina kikomo, na watoto wawili wakilingana kwa akili, yule anayehitaji kidogo huwa mbele. Siiti dhulma, mwenye fungu dogo hana njia ila kuligawa. Lakini ina maana kwamba shamba lililotiwa thamani kubwa laweza kumfungia mtoto mlango kabla neno la msaada halijatajwa.

Wakulima wa Marekani wenyewe wameyaonja haya. Kwa miaka mingi FAFSA haikulihesabu shamba ambalo familia yaishi juu yake na kulilima. Sheria iliyopitishwa Desemba 2020 ikaiondoa ruhusa hiyo, na kuanzia mwaka wa masomo 2024–25 shamba likaingizwa katika mali. Tutoe mfano. Shamba la dola 100,000, baada ya kutoa madeni, huhesabiwa asilimia 40 tu, yaani dola 40,000. Asilimia 12 ya hizo, dola 4,800, huongezwa juu ya mapato ya mzazi, na katika hizo hutakiwa atoe kati ya asilimia 22 na 47 kwa kadiri ya hali yake. Kwa hivyo shamba peke yake laweza kumdai kati ya dola 1,050 na 2,260 hivi kila mwaka, iwe limezaa au halikuzaa. Wakulima walipiga kelele, na sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 ikairudisha ruhusa ile kwa mwaka wa masomo 2026–27. Walikuwa na haki. Ng'ombe na matrekta hayalipi karo mpaka yauzwe, na yakishauzwa mwakani utalima na nini?

Lakini ruhusa hiyo ni ya fomu ya serikali yao. CSS Profile huuliza habari za shamba, na kila chuo huzipima kwa mizani yake.

Sasa tutazame mikarafuu yetu. Mwaka mmoja mti huinama kwa matawi kujaa, na mwaka unaofuata, au miwili, hupati hata cha kuwalipa wachumaji pishi zao. FAFSA hutazama mapato ya miaka miwili nyuma, na vyuo vyenyewe pia huanza na miaka iliyokwisha pita. Kijana akiomba baada ya msimu mkubwa, baba yake huonekana tajiri, ilhali fedha ile imekwisha ezeka nyumba na kulipa madeni ya miaka mikavu. Tena ardhi ya Unguja na Pemba kwa sheria ni mali ya umma. Mwenye eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ana haki ya kuitumia, naye aulizwa ardhi ile ni shilingi ngapi sokoni!

Wapo wanaosema basi shamba lisiandikwe kabisa. Hapana. Vyuo huomba vielelezo, na uongo ukigundulika mtoto ndiye anayepoteza. Wala sioni haki kila shamba lisamehewe, maana wapo miongoni mwetu (hatutaji majina) wenye mikarafuu kwa mamia na nyumba za kupangisha mjini. Lililo haki ni kupima shamba kwa mavuno yake ya miaka mitano ikichanganywa, si kwa bei ya miti.

Na nafasi ya kuyasema haya ipo. CSS Profile ina mahali pa kueleza hali isiyo ya kawaida. Sheria ya Marekani nayo humruhusu msimamizi wa misaada ya serikali kubadili hesabu ya mwombaji mmoja mmoja, akiletewa ushahidi, na kwa fedha zao wenyewe vyuo hujiamulia. Neno lenye uzito hapo ni ushahidi. Mzazi akiandika kwamba karafuu ni za bahati, hakuna atakayemsikiliza. Akileta stakabadhi za ZSTC za misimu mitano, kilo na fedha, pamoja na ujira wa wachumaji, mtu wa ofisi atakuwa na kitu cha kupigia hesabu.

Kwa hivyo twaiomba Kamati ifungue daftari la mavuno la kila mwanachama: kilo za karafuu kavu, makonyo, bei, na gharama za kuchuma na kuanika. Mwenye mtoto anayeomba chuo apewe barua yenye muhuri wa chama, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kazi hii ianze kabla ya msimu ujao, na kila mwanachama aliyehifadhi stakabadhi za zamani azilete kwa katibu, hata zilizoliwa na mende pembeni, maadamu tarakimu zasomeka.